Mama Anayebaki Ndani ya Gari

Benchi la kibanda cha kahawa pale Makutano linashikiliwa na tofali, lakini wanaolikalia wanajua kila kitu. Yuko Bundi kinyozi, anayeitwa Wembe kwa sababu ya mdomo wake. Yuko Kailemia, muuza dawa za mifugo, ambaye hapa huitwa Daktari. Na yuko Kaimenyi, wanayemwita Bosi kwa kuwa mkewe, Kiende, ni meneja wa benki. Jioni hiyo Bosi alikuja na riwaya aliyokuwa akiisoma mkewe kwapani, na kahawa yake ikapoa bila kuguswa.

— Huyu mama aliyeandika hii ni mchawi, jameni. Kuna mwanamke humu, ako na kazi nzuri, nyumba ya mawe, watoto wako akademi. Akifika kwake jioni anazima gari, halafu anakaa tu ndani. Haingii nyumbani.

— Sasa uchawi uko wapi? Wembe akauliza.

— Kiende hufanya hivyo hivyo! Kila siku!

Daktari akachukua kitabu, akasoma midomo ikimtembea.

— Ngai! Hata viatu amevua. Mama Linda wangu pia huvua!

— Huyo mwandishi ako na wapelelezi, Wembe akasema. Hao kina mama wa chama cha akiba ndio humpelekea habari.

— Chama gani! Daktari akapinga. Mwandishi mwenyewe hukaa saluni chini ya lile dude la kukausha nywele, akijifanya amelala.

— Basi ameweka kamera kwa magari yote ya Japani. Huko huko bandarini yanaposhushwa!

Bosi hakucheka. Miaka yote amewaambia watu kwamba mkewe hubaki garini kusikiliza matangazo ya vifo kwa redio ya Kimeru, asije akakosa matanga ya mtu. Jana, mkewe akiwa bado ndani, alipita kando ya gari akienda kufunga geti. Redio ilikuwa kimya. Na yule mwanamke wa kitabuni, mwishoni, anawasha gari tena na kwenda zake.

Ruguru, mwalimu kutoka Runyenjes, alikuwa amesimama hapo akingoja kahawa yake.

— Samahani, wazee. Kwani Bosi, bibi yako akikaa hapo garini, huwa anawaza nini?

Daktari akamrudishia Bosi kitabu.

— Anawaza... Bosi akaanza. Haki ya Mungu, sijui.

Hapo gari la Kiende likapita likielekea nyumbani. Bosi akaruka, akaliandama mbio, mtu mzima na kitambi chake, akimwita mkewe kwa jina mbele ya Makutano yote.