Umeme wa Sangailu

Mizaha yangu haijawahi kumuumiza mtu, naapa. Ndani ya basi la Garissa, mzee aliyeketi mbele yangu alimsukumia simu msichana wa kando yake. "Soma hapa chini ya picha ya umeme! 'Mvua imefika Sangailu.' Nimeswaga ng'ombe siku tatu, nimekuta vumbi. Watano wamekufa!"

"Adeer," msichana alimwita kwa heshima, kama ami yake, "picha hii ni ya Mshtarii, sayari ya gesi. Mawingu yake hubadilika kila siku, radi zake haziishi, lakini hata tone halitufikii. Mbona hukuuliza?"

"Niulize nini? Mfugaji akiona umeme, anaufuata! Aliyeandika Sangailu, wallahi, atabeba hiyo mizoga mgongoni!"

Nikajifanya nimelala. Basi liliposimama, mama wa kiti cha nyuma akanigonga bega, akasema kwa sauti ya soko la mbuzi: "Abdisamad, amka! Si ni wewe uliyetuma ile picha kwenye kundi letu?"