Wodi Iliyokuja Juu ya Lori

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; Ndugu Kamugisha, Mwenyekiti wetu wa Serikali ya Mtaa wa Kwa Kasimiri; Kamati ya Ujenzi, kila mmoja na kofia yake mpya; wazee wangu, shikamooni; akina mama wa kliniki; na nyie vijana mliopanda juu ya tanki la maji, shukeni kwanza ndiyo niwasalimie.

Mie ni Yuliana, muuguzi mfawidhi wa zahanati hii. Nyuma yenu kuna boma. Geukeni mlitazame, limeshazoea. Ndiyo wodi ya wazazi tuliyoianza kwa michango, tukaipandisha mpaka kwenye lenta, ikatushinda. Kila mgeni rasmi aliyekuja alizikuta kuta zimesimama, akaweka jiwe la msingi, akala pilau, akaondoka. Leo boma lina mawe ya msingi matatu na halina bati hata moja. Ndani imeota mipapai. Ni mtaa gani mwingine Temeke wenye mapapai yaliyozinduliwa mara tatu?

Na mchanga wa boma hilo ulitoka wapi? Korongoni hapo chini. Tulichimba tukijenga huku, jiko la Mzee Fakihi, anayeishi ukingoni, likamegeka kule. Tukakata miti kwa ajili ya mirunda ya kushikilia zege, na saruji iliyobaki ikalowa stoo ikageuka mawe, mawe pekee hapa ambayo hayana jina la mtu.

Hii wodi mpya ni habari nyingine. Vyumba vyake vimetengenezwa karakana huko Mikocheni, vikiwa na milango, madirisha, nyaya na masinki, vikaja juu ya lori, kreni ikaviteremsha kwenye nguzo fupi za zege, mafundi wakakaza bolti. Bati linalobaki kule karakana linatumika kwenye chumba kingine, halitupwi kwenye mtaro wetu. Na siku wenzetu wa barabara wakija na rangi yao nyekundu kutuchorea X ya kubomolewa, tutafungua bolti, tutahama na wodi yetu, tutawaachia X yao.

Kuna wanaume walisema hilo ni kontena, wake zao hawawezi kuzalia kwenye kontena. Wake zao hao hao walikuwa wakizalia nyuma ya pazia, jirani na dirisha la dawa, foleni nzima ikijua jinsia ya mtoto kabla ya baba yake. Hapo hawakusema kitu.

Lakini kamati ni kamati. Imezoea mgeni aweke jiwe, ikaona aibu kukualika bila jiwe. Wakajenga nguzo nene ya matofali pale getini, wakabandika marumaru yenye jina lako, Mheshimiwa. Lori lilipofika na chumba cha kwanza, halikupita.

Dereva anapiga honi, kreni ya kukodi inasubiri, na Mwenyekiti kasimama mbele ya nguzo kama golikipa. "Hii haivunjwi, ina jina la Mheshimiwa!"

Nikamwambia, "Mwenyekiti, Mheshimiwa hazai."

"Sista Yuliana, usinitafutie matatizo." Dereva akaanza kugeuza arudi Mikocheni.

Kwenye benchi la kliniki alikuwepo Marietha, yule anayeuza vitumbua pale kona. Mimba yake ya kwanza, boma likiwa tayari na mawe yake yote, alikuja hapa na uchungu, nafasi hakuna. Nikampakia kwenye bajaji aende hospitali. Akajifungulia njiani, mtoto hakuishi. Inaniuma mpaka leo. Siku ya lori alikuwa na mimba nyingine, na imeshatimia. Akanyanyuka, akamwendea Mwenyekiti, akasema kwa upole: "Shikamoo, Mwenyekiti. Jina la mwanangu mliliandika kwenye jiwe lipi?"

Mwenyekiti akainamisha kichwa. Kisha akavua koti, akaomba nyundo kwa fundi, akaivunja nguzo mwenyewe. Mwenyekiti, mara nyingi nimekusema, na nitaendelea kukusema, lakini siku ile ulikuwa kiongozi na mie nilikuheshimu.

Mheshimiwa, vipande vya jina lako tumevitandaza kwenye njia ya machela, wajawazito hawatelezi tena. Sikumbuki kiongozi mwingine aliyetusaidia kwa karibu namna hiyo.

Imebaki ishu moja ya itifaki. Utepe upo, mkasi upo kwenye sinia, na ratiba inasema unafungua wodi sasa hivi. Utusamehe, umewahiwa. Alfajiri ya leo Marietha aliingia chumba cha kwanza kwa miguu yake, na kabla wapishi hawajawasha moto wa pilau, mtoto wa kike alikuwa analia humo ndani kwa nguvu zake zote. Mama mzima, mtoto mzima.

Kwa hiyo kata utepe, Mheshimiwa, ila taratibu, na wenye spika wapunguze. Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Makofi msipige, mtoto ndiyo kwanza kalala.