Jozi Bora ya Kituo

Mheshimiwa Mkurugenzi, walimu wa kituo, wazazi wenzangu, nanyi vijana mliosimama ukutani kwa kukosa viti: nawasalimu nyote, na poleni kwa joto.

Nimeitwa kutoa shukrani za wazazi katika ufunguzi wa tawi hili jipya. Nadhani nimechaguliwa na ile ile akili bandia inayowatafutia watoto wetu walimu wa masomo ya ziada, maana binadamu angeniuliza kwanza nina hali gani.

Namlea binti wa kaka yangu. Ni mpole kupita kiasi. Chai ikikosa sukari atainywa tu. Anataka uuguzi, na mtihani wa kuingia chuoni ulikuwa umeshamshinda mara moja. Mashine ikamhoji, ikampa mwalimu wa hisabati. Jamani, waliendana! Kijana wa sauti ya chini, anabisha hodi kama anayeomba radhi. Kila wiki mashine iliwauliza kama wanaridhika, na wote wawili wakajibu: sana. Sebuleni kwangu kulitulia hadi nikawa nasikia friji ikinguruma. Mkawatangaza jozi bora ya kituo. Ni mzazi gani asingefurahi?

Akafeli tena, vibaya kuliko mwanzo.

Nikamkalisha kijana. "Hukuona kwamba haelewi?"

"Niliona, mama. Niliogopa kumwaibisha."

Nikamgeukia binti. "Na wewe?"

"Shangazi, ningesema sijaelewa, angejiona hajui kufundisha. Nilimwonea huruma."

Mheshimiwa, nimlaumu nani? Mle ndani hakuna aliyemkosea mwenzake adabu. Mwanangu alihitaji msumbufu, mtu wa kugonga meza na kusema, "Haya, sasa nieleze wewe!" Na mtu huyo mashine yenu ingemkataa kabla hajavua viatu.

Sasa umebaki mtihani mmoja. Baada ya hapo umri hautamruhusu. Jana ujumbe uliingia kwenye simu yake: mwalimu wa mwaka huu amepatikana, wanaendana kwa asilimia tisini na nane. Ni yule yule. Nimemsihi akatae, nimelia mbele yake bila aibu. Ameshabonyeza kukubali. Anasema hajawahi kupata mtu anayemwelewa kama yule.

Sina la kufanya tena, ndugu zangu. Nimeambiwa nishukuru, basi nashukuru. Mmenisikiliza kwa utulivu mkubwa, mkiitikia kwa vichwa, na hakuna hata mmoja aliyenikatiza. Asanteni.