Penina Hakuwa Mhasibu

Wasikilizaji wapendwa, mbukwenyi, hamjambo. Karibuni tukae pamoja Jumapili hii. Leo tunamkumbuka Penina Meshack Chidawali, binti wa Hombolo, aliyefariki mwezi uliopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Penina alisoma chuo kikuu, Morogoro. Alisoma kilimo cha bustani na sayansi ya mazao. Narudia, maana hicho ndicho kilichotukutanisha leo: alisoma kilimo cha bustani na sayansi ya mazao. Hakuwa mhasibu.

Najua wengine mnashangaa. Tangazo la kifo chake lilisomwa katika kituo hiki hiki, likasema alikuwa mhasibu. Juzi baba yake, Mzee Meshack, alikuja hapa, kofia mkononi. Tulimkaribisha chai, hakuigusa. Akasema, "Uongo ule ni wangu. Naona aibu sana. Lakini naomba niutoe kwa mlango ule ule nilioupitishia."

Sasa turudi nyuma kidogo. Penina alipochaguliwa kwenda chuo, Mzee Meshack alisimama kanisani kutoa shukrani. Vigelegele vikapigwa. Mtu mmoja akauliza, anakwenda kusomea nini? Mzee anasema alifungua kinywa aseme kilimo, na hapo hapo akawasikia watu wakicheka, ingawa hakuna aliyekuwa amecheka bado. Mtoto wa mkulima, asafiri mpaka Morogoro, arudi mkulima? Akasema, "Uhasibu." Kwaya ikamwimbia Penina. Naye Penina alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, ameinamisha kichwa.

Mama yake, Mama Ruthu, anakumbuka walivyorudi nyumbani. "Hakumgombeza baba yake. Alinisaidia kusonga ugali, akaniambia, mama, baba ameniozesha kwa mtu nisiyemjua."

Wasikilizaji wapendwa, uongo wa namna hiyo hauishii kanisani. Penina alipokuja likizo, baba yake hakutaka aonekane shambani. Vaa viatu, kaa ndani, mhasibu hashiki jembe. Lakini binti alikuwa na wazimu wa mizabibu, kama sisi wengine tulivyo na wazimu wa mpira. Alikuwa akiamka alfajiri, kabla majirani hawajapita, anapogoa na kupiga dawa ya salfa kwenye mizabibu ya baba yake. Jua likichomoza ameshanawa, amevaa gauni la heshima.

Mwaka mmoja ubwiriunga uliingia Hombolo. Ni ule ugonjwa unaofanya majani na zabibu kuwa kama vimemwagiwa unga. Majirani walipiga dawa majani yakiwa yameshakuwa meupe. Penina alijua inapigwa mapema, na matawi yaliyobanana yapunguzwe ili upepo upite. Shamba la baba yake likawa safi. La jirani yao, Bibi Zaitun, likateketea.

Bibi Zaitun ni mjane, na mizabibu ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Akaja kwa Mzee Meshack kuuliza, "Mwenzetu, wewe unatumia nini?" Mzee akamjibu, "Ni baraka za Mungu tu." Penina alikuwa amesimama mlangoni, anasikia.

Bibi alipoondoka, binti akasema, "Baba, niruhusu nimfuate nimwambie. Bado anaweza kuokoa upande wa chini."

"Watauliza umejulia wapi."

"Waulize tu, baba."

"Unataka nionekane mwongo mbele ya kanisa zima?"

Penina akaingia jikoni. Alimwambia mama yake, "Nikimsaidia Bibi Zaitun, nitamvua baba nguo." Msimu uliofuata Bibi Zaitun aling'oa mizabibu yote, akapanda mtama. Mzee Meshack alitusimulia haya akitazama sakafu. Nami, niseme kweli, nilishindwa kumtazama usoni.

Baada ya kuhitimu, Penina alipata kazi na wakulima wa Makutupora. Kule walimjua. Kule alikuwa akiitwa kwa jina la kazi yake, na alivaa mabuti mchana kweupe. Hombolo waliambiwa yuko ofisini mjini, Miyuji, anafunga mahesabu.

Siku ya maziko wakulima wa Makutupora walikuja na lori zima. Mzee wa kanisa akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Alikuwa mhasibu hodari, akasoma. Watu wa Makutupora wakatazamana. Evodia, aliyesoma naye chuo na kufanya naye kazi, akamsogelea baba wa marehemu, akamnong'oneza, "Shikamoo baba. Samahani, nadhani wamekosea. Niwaambie?"

Mzee Meshack akamjibu, "Acha tu, mwanangu."

Akaacha. Udongo ukarudishwa, maua yakawekwa, na Penina akazikwa na kazi ya mtu mwingine. "Pale ndipo paliponivunja," Mzee alituambia. "Yeye alininyamazia miaka yote. Mimi nikashindwa kumsemea hata dakika moja."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mama Ruthu na familia yote ya Chidawali. Tunampa pole Mzee Meshack, maana aibu ni mzigo, na ameuleta hapa kwa miguu yake mwenyewe. Nanyi mnaonisikiliza, mtazameni mtoto aliye hapo nyumbani. Mmewaambia majirani anasoma nini? Na yeye, alipowasikia mkisema, aliinua uso au aliinama?

Mzee ameomba tangazo lisomwe upya, kwa maneno yake. Nalisoma.

"Mimi Meshack Chidawali wa Hombolo nasikitika kutangaza kifo cha binti yangu Penina, mtaalamu wa kilimo cha bustani na mazao. Mizabibu yangu ilipona kwa mikono yake. Habari hizi zimfikie Bibi Zaitun, jirani yangu, popote alipo."