Chujio au Kiza kwa Dirisha la Jovelyn

Benchi letu liko mbele ya duka la Aling Pasing, Bibi Pasing kwa lugha ya huku, pale mtaa wa Sampagita unapokata kona kwenda kanisani. Lina miguu mitatu ya kwake na mmoja wa kuazima, yaani tofali, na ukikaa upande wa tofali sharti ukae kama umebeba ndoo ya maji kichwani. Aling Pasing hutoa vikombe kupitia kitundu cha wavu wa duka lake, kahawa ya pakiti iliyokwisha kutiwa maziwa na sukari huko ilikotoka, kwa hiyo hapa kijiweni hakuna ugomvi wa sukari. Tunagombania mengine. Mtu akifika haulizwi hali wala habari za nyumbani. Huku Marikina, Ufilipino, anaulizwa, "Umekula?" Akisema amekula, basi yu mzima, na mazungumzo yaendelee. Asubuhi hiyo jua lilikuwa bado changa, rangi ya siagi, limeishia kwenye paa la kinyozi wa jirani likijifikiria kama lishuke au lisishuke.

Mwenye shida siku hiyo alikuwa Breki. Jina lake ni Eleuterio, na wanaomheshimu humwita Mang Teroy. Sisi tunamwita Breki kwa sababu aliendesha jeepney, zile basi ndogo za abiria, miaka na miaka, na mpaka leo kila neno lake husimama kwanza, likatazama kulia na kushoto, ndipo likaondoka. Ni mjane. Ana binti mmoja, Jovelyn, ambaye kazi yake ni kupokea simu usiku kucha za watu wa ng'ambo, ambao kwao ndiyo mchana, wakilalamikia mashine zao za kufulia. Sisi tukiamka, yeye ndiyo anatafuta mto. Chumba chake kiko ghorofani, kina dirisha moja tu, linatazama mashariki, na pazia lake la maua ni jepesi kama kitambaa cha kukamulia tui.

Juma lililopita Jovelyn alisinzia akiwa wima kwenye ngazi za kazini, akaanguka, akarudi na plasta kidevuni. Ndipo akamwomba baba yake atafute fundi wa mapazia ya kuviringisha. Breki akamuuliza la namna gani. Akajibiwa, "Utakalopenda wewe, Baba. Nyumba ni yako." Mtoto wa huku hampangii baba yake nyumba yake, hata kama ndiye anayelipia umeme.

Fundi mwenyewe, mwanamke mmoja mkakamavu aitwaye Marivic, alikuwa ameshafika na pikipiki yenye ngazi ubavuni. Alituachia benchini vipande viwili vya kitambaa, akachukua ufunguo kwa Breki, akavuka barabara kwenda kupima dirisha. Alisema akirudi apate jibu moja: chepesi au kizito.

Chepesi kilikuwa cheupe. Ukikiinua juani, mwanga ulipita umepungua ukali, kama mtu aliyevua viatu mlangoni. Kizito kilikuwa cha kijivu, nyuma kimepakwa kitu kama mpira, na ukikiinua, jua lilikoma. Hatukuchelewa kuvibatiza: Chujio na Kiza.

Radi alikuwa wa kwanza kutoa hukumu. Alikuwa mlinzi wa usiku wa ghala la mchele, na jina hilo alilipata kwa kukoroma, maana wezi walikuwa wakimsikia wanadhani mvua inakuja wanarudi makwao. Alikichukua Kiza, akajifunika kichwa kizima, akaendelea kuongea humo ndani.

— Hiki. Mficha uchi hazai.

— Hilo linahusiana nini na pazia? aliuliza Aling Pasing.

— Linahusiana. Gizani unamficha nani?

Kitambaa kikaanza kupanda na kushuka usawa wa pua. Nikamgusa kwa kiwiko cha mkono, akasema hakulala, alikuwa anajaribu bidhaa.

Juzuu alikataa. Huyu jina lake ni Policarpio, na ujanani aliuza ensaiklopidia nyumba kwa nyumba. Biashara ilipokufa alibaki na juzuu tatu za mwanzo, akazisoma zote, kwa hiyo ana uhakika mkubwa wa mambo mpaka katikati ya alfabeti, baada ya hapo anakisia. Alitueleza kwamba mwili wa mtu ni kama jogoo, unahitaji mwanga uuambie saa. Ukiunyima, hautajua usingizi unaishia wapi. Akamtaja binamu yake, baharia, aliyepangiwa kulala tumboni mwa meli, chini ya usawa wa maji, mahali pasipojua jua wala mwezi. Alilala Jumatano jioni akaamka Ijumaa.

— Na Alhamisi je? nikauliza.

— Ndiyo hiyo. Hajaipata mpaka leo. Amestaafu, ana wajukuu, lakini ukimtazama vizuri kuna Alhamisi haipo.

Tukanywa kahawa kidogo kwa heshima ya Alhamisi hiyo. Jua lilikuwa limeondoka kwa kinyozi, linatembea polepole barabarani, na vumbi lililokuwa hewani likawa linaelea kama kwamba nalo halijaamka.

Aling Pasing, kwenye wavu wake, alisema sote tumekosea, kwa sababu tunajadili mwanga ilhali jambo lenyewe ni ndoto. Ndoto, alisema, huingia dirishani, kama paka. Ukiweka Chujio, zile kubwa zenye kucha hubaki nje, zinapita ndogo ndogo tu, za sikukuu na za marehemu wenye tabia njema. Ukiweka Kiza hakuna itakayoingia, sawa, lakini zilizokuwa ndani zitatokea wapi? Zitabaki humo. Zitazeekea uvunguni. Na ndoto ikizeeka ndiyo inakuwa lile jinamizi linalomkalia mtu kifuani, asubuhi akutwe amekauka.

— Ndiyo maana mtu aliyebanwa na jinamizi anaambiwa achezeshe kidole gumba cha mguu, aliongeza. Na kwenye kiza utakipataje kidole?

— Kidole chako hukipotezi, Aling Pasing, alisema Radi chini ya kitambaa. Mwenye macho haambiwi tazama.

— Yeye amelala.

— Basi haambiwi kabisa.

Breki muda wote huu alikuwa na lake. Alikishika Chujio kwa ncha za vidole, anakipeleka karibu na jicho, anakirudisha. Mwishowe alituambia kwamba nyumba ya mama yake kule Pampanga ilikuwa na madirisha ya zamani, ya kombe za baharini zilizochongwa nyembamba zikapangwa kwenye fremu za mbao. Asubuhi mwanga ulikuwa ukiingia umekwisha kuwa maziwa. Ulikuwa ukilala unajua kuna watu nje, unasikia ufagio, unasikia mtu anachambua mchele, na wewe uko humo kama punje ndani ya ganda.

Tukadhani amekwisha kuamua. Lakini Radi alijifunua uso, nywele zimesimama, akatoa nadharia ambayo nadhani aliiota pale pale.

— Sikilizeni. Jovelyn anafanya kazi kwenye mchana wa watu. Sasa ule usiku wake yeye uko wapi? Kuna mtu ng'ambo anaulalia. Mtu mnene hivi, ana mbwa. Anakoroma kwenye usiku wa Jovelyn, na mashine yake ya kufulia imeharibika. Hiki kitambaa siyo pazia. Ni usiku wa mtoto unarudishwa kwa mwenyewe, umekatwa kwa vipimo vya dirisha.

Juzuu alifungua kinywa akakifunga, kwa kuwa jambo hilo halikuwamo katika juzuu zake. Na Breki akaweka kikombe chini.

— Nikiweka hicho sitamwona, alisema.

— Utamwona saa ngapi kwani? aliuliza Radi. Mwenzio analala.

— Asubuhi. Dirishani.

Akatueleza, akisimama kila kituo. Jovelyn akirudi kazini huchukua mkono wa baba yake akaugusisha kipajini, kama ilivyo desturi. Baba anauliza, "Umekula?" Binti anasema, "Nimekula." Anapanda ngazi. Hayo ndiyo maongezi yao, siku nenda siku rudi, tangu mama yake alipofariki. Ila baadaye kidogo Breki huenda uani kulisha majogoo wake, na jua likilipiga lile dirisha, anamwona Jovelyn nyuma ya pazia la maua. Amesimama. Basi Breki naye husimama na bakuli la mahindi, akaanza kumweleza. Jicho la jogoo mwekundu limevimba. Bati la jikoni linavuja. Fulani wa mtaa wa pili amezikwa. Kuna siku alimweleza hata mambo ya mama yake, ambayo hawezi kuyasema mezani.

— Na yeye hujibu nini? nikauliza.

— Hajibu. Amechoka. Husikiliza tu. Mara nyingine hutikisa kichwa kidogo, hivi.

— Husimama mpaka lini?

— Mpaka nimalize. Huwa mimi ndiye ninayeondoka.

— Mtoto amekesha na simu, halafu asimame? alisema Radi.

— Anasimama. Kama mama yake. Ameinua mabega.

Akainua ya kwake kutuonyesha, akawa kama tai aliyenyeshewa.

— Mabega gani, Mang Teroy? Aling Pasing aliuliza polepole. Jovelyn ni ufito.

Juzuu alisema kwamba nuru huvimbisha vitu, ni elimu inayojulikana, na mtu akiwa ghorofani huonekana mpana. Alisema hivyo kwa upole, na nadhani hakuyaamini hata yeye. Lakini nani angeendelea kubishana? Mtu ana dirisha moja, na kwenye dirisha hilo ndipo mwanawe anamsikiliza. Radi mwenyewe alikikunja Kiza akakiweka magotini, akasema kweli, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, methali ambayo hatukuelewa imefuata nini, ila sauti yake ilikuwa ya kukubali. Chujio kikapita bila kupingwa.

Hapo Marivic akavuka barabara kurudi, futi yake ya chuma shingoni.

— Nimepima, Mang Teroy. Nimelazimika kushusha lile gauni, nitalirudisha nikimaliza.

— Gauni gani?

— La kijani, la sherehe, mikono ya kipepeo. Limetundikwa dirishani nyuma ya pazia, limefungwa kwa kamba za viatu, nadhani la kuzuia jua. Feni ikizunguka lilikuwa linanitikisia kichwa, nikashtuka.

Breki alitazama mikono yake. Gauni la kijani lenye mikono ya kipepeo, lile gumu linalosimama mabegani hata lisipovaliwa na mtu, Aling Pasing alilijua, na mimi nililijua. Marehemu mkewe alilivaa kila sikukuu ya mtakatifu wetu, na akilivaa hapiti mlango wa kanisa isipokuwa kwa ubavu.

— Sasa kuna kitu sijaelewa, Marivic aliendelea, na hakuwa na habari amekanyaga wapi. Kitanda kiko juani na kimejaa nguo zilizokunjwa. Nataka nijue mwanga utampata wapi, usoni au miguuni. Anayelala humo analala wapi?

Tulitazamana. Tulikuwa tumekwisha kujua ndoto hupita mlango upi, tulijua Alhamisi ya baharia, tulijua mpaka mbwa wa yule mtu wa ng'ambo. Juzuu alikohoa. Radi aliangalia tofali.

— Nimeona mto chini sakafuni, nyuma ya kabati, kwenye ule upenyo wa ukutani, alisema Marivic. Nikadhani ni wa paka.

— Hatuna paka, alisema Breki.

Kisha akanyamaza, na safari hii haikuwa breki. Ilikuwa injini imezimika. Aling Pasing aliinamisha chupa ya kahawa ili amjazie kikombe, ikatoa pumzi tu. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Jovelyn akatokea kwenye kona akiwa na mfuko wa mikate ya moto, plasta kidevuni, anatembea kama mtu anayepita ndani ya maji. Akatusalimu wote. Akachukua mkono wa baba yake, akaugusisha kipajini, akasubiri lile swali la kila siku, na sisi tukalisubiri pamoja naye.

— Umelala? aliuliza Breki.

Jovelyn alimtazama. Aligeuka akatutazama na sisi, kuona kama kuna msiba.

— Bado, Baba.

Breki akamgeukia Marivic, akasema aweke kizito. Marivic akauliza tena apate hakika, akajibiwa kizito, na kifike mpaka chini, pasipite hata uzi. Akaenda kutoa vifaa. Breki akahamia upande wa tofali, akampisha binti yake upande mzima wa benchi.

— Kaa hapa kidogo, fundi atoboe ukuta. Yule jogoo mwekundu, jicho limepona.

— Kwani lilikuwa na nini?

Breki alivuta pumzi, akaanza tangu mwanzo. Jogoo, kisha bati la jikoni, kisha mazishi ya mtaa wa pili. Hakufika mbali. Kwenye bati Jovelyn alikuwa ameshaegemeza kichwa begani kwake, mfuko wa mikate mapajani, na jua nalo likawa limemaliza kuvuka barabara, linapanda viatuni mwake, linapanda magotini. Hapo Radi akainuka bila kuambiwa. Akakikunjua Kiza, akasimama mbele yao mikono juu, fimbo ya pazia yenye kitambi, na mlinzi yule ambaye hajapata kumaliza zamu akiwa macho akakaa hivyo hivyo, wakati Breki akiendelea kusimulia kwa sauti ya chini habari za mtaa mzima.