Kura ya Zenon Inachelewa

Benchi la uani mwa taasisi ya hisabati, mjini Wrocław, halikosi watu siku ya utetezi wa udaktari. Sheria inamruhusu yeyote kuingia kusikiliza, hata kuuliza swali, na baada ya kura mtahiniwa huandalia watu keki. Bi Keki, kama wanavyomwita benchini, haelewi lolote la mle ndani, lakini hajakosa utetezi tangu astaafu posta. Kamusi alifundisha hesabu sekondari, basi anajihesabu ndugu wa maprofesa. Wa tatu, Bado, ni mwanafunzi wa udaktari mwaka wa tisa. Ukimuuliza tasnifu imefika wapi, jibu ndilo jina lake. Leo wamembana katikati Bogna, mtoto mapajani. Mumewe Zenon keshajitetea, watu wametolewa, maprofesa watano wamejifungia wapige kura, na mlango haufunguki. Akifaulu, kazi ya uhadhiri inamngoja mjini Toruń, na nyumba yenye jiko lake. Akianguka, chumba cha bweni wanakirudisha, kisha ni kwa mama mkwe, watu wanne chumba kimoja.

— Kura huwa muda wa kumenya yai tu, — Bi Keki alisema, akipuliza machicha ya kahawa yaliyoelea juu ya glasi. — Hii imepita kiasi.

— Bi Keki, usinitishe, nakuomba, maana mimi hapa nimeshatishika vya kutosha, tangu jana sijala, na huyu mtoto akiogopa ananitazama mimi, sasa mimi nimtazame nani?

— Tulia, shemeji, — Bado alimwambia. — Kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Mshindo gani tena?

— Sijui. Nilikuwa nakufariji.

Kamusi alikohoa kama mtu anayefungua kipindi.

— Tatizo ni mada. Kijana alipewa swali kuhusu seti zisizo na mwisho. Akathibitisha nini? Kwamba swali lenyewe haliwezi kuthibitishwa wala kukanushwa.

— Miaka sita kuja kusema “sijui”? — Bi Keki alishangaa.

— Si “sijui,” mama! Ni “haiwezi kujulikana,” tena kwa ushahidi!

— Marehemu mume wangu alikuwa ananijibu hivyo hivyo kila nikimuuliza alikolala, na udaktari hakuwa nao.

Bado alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Bogna hakucheka.

— Lakini wanaweza kumwangusha?

— Wawili ndiyo, wawili hapana, — Kamusi alitabiri. — Wa tano kathibitisha kwamba haiwezekani kuamua. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

— Mbona umesema watano?

— Ndiyo maana hawakai!

— Nyote hamjui, — Bado alidakia. — Hawa watu wa mantiki hawapigi kura kabla ya kukubaliana kura ni nini. Wataanzia hapo. Wataoa, watazaa, watoto wao watapiga.

— Au wametorokea dirishani, — Bi Keki alinong'ona. — Wamemwonea haya kijana, wakaona heri waruke.

— Ghorofa ya tatu?

— Aibu haina ghorofa.

Bogna alifumba macho, akaiona Toruń inayeyuka, jiko, pazia, vyote. Hapo ndipo mama mkwe, Bi Genowefa, alipotokea kutoka stesheni, jasho likimtiririka, sinia la keki ya jibini mikononi. Aliwatazama mmoja mmoja.

— Zenon yuko wapi?

— Yuko koridoni, anazunguka, — Bogna alijibu. — Si mtahiniwa hutolewa wakati wa kura?

— Natoka koridoni. Hakuna mtu.

Bogna alimgeukia Kamusi, Kamusi akamgeukia Bado, Bado akachungulia ndani ya glasi yake. Watu walipotolewa, wote wanne walikuwa wamekimbilia benchi wapate nafasi. Hakuna aliyemwona Zenon akitoka.

Bogna hakungoja methali. Alipanda ngazi na mtoto begani, akausukuma mlango bila kubisha. Maprofesa watano walikuwa wamempa mgongo, wameuzunguka ubao, na katikati yao, chaki hadi kwenye nyusi, Zenon wake anaandika.

— Mama, kikao hiki ni cha siri! — mwenyekiti alifoka.

— Siri gani, na mwenyewe yumo?

Watano walimgeukia Zenon kama aliyechipuka sakafuni sasa hivi.

— Mimi nilidhani ni mjumbe, — mmoja alisema.

— Kumbe nilitakiwa kutoka? — Zenon aliuliza.

Bogna alimvuta kwa mkono wa koti hadi koridoni. Hawakukaa sana, mlango ulifunguka, mwenyekiti akatoa kichwa.

— Ndiyo tano! Hongera, daktari. Sasa, ule mstari wa tatu...

Bogna alikuwa analia na kucheka, na Zenon kashageuka kuelekea ubaoni. Bogna akamshika, akampakatisha mtoto.

— Nenda. Ila nenda naye. Huyu hatakuacha usahau kutoka.