Nyayo Zimeishia Getini

Benchi letu liko njiapanda upande wa Ntimaru, kwa Metrine anayeuza kahawa, na ukikaa hapo kambi ya polisi unaiona ng'ambo ya barabara. Asubuhi hiyo tulikuwa tumefuata nyayo za dume la kulimia la mama Nyamusi, jirani yetu, lililoibwa usiku. Desturi yetu inajulikana: boma ambalo nyayo zinaishia ndilo linalojibu. Nyayo zilivuka mto, zikapita shule, zikaingia geti la kambi. Tukarudi kunywa kahawa. Nyamusi alikaa mwisho wa benchi, kamba mkononi. Mvua imeanza, na dume moja alilobaki nalo halivuti plau peke yake.

— Si eti naogopa, akasema Joash, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi. Lakini sheria haikubali mtu aulize serikali kama iko na ng'ombe.

— Sheria gani? akauliza Metrine.

— Hiyo tu.

Boaz, jina la kijiweni Interpol, huvuka mpaka wa Tanzania kununua sukari.

— Mimi naona dume ndio mshukiwa. Alipatikana usiku bila kitambulisho. Ukienda kumuulizia, unawekwa ndani kama mwenzake.

— Ama ameandikwa kazi, akasema mzee Mirumbe. Si kuna mbwa wa polisi? Ng'ombe inashindwa na nini?

— Na jana mlimwambia nini yule msichana wa utafiti kuhusu polisi? Metrine akawauliza.

— Nilisema naamini polisi sana, akasema Wakili.

— Mimi pia, akasema Interpol. Sana.

— Kwa nini?

— Aliniuliza jina kwanza.

Msichana mwenyewe, Cate wa chuo kikuu, akafika kutafuta kahawa. Wakili akamweleza kesi yote, mto, shule, geti, na sheria yake.

— Pole sana, mama, Cate akamwambia Nyamusi. Kisha akatugeukia. Na mlipofika getini, askari wa zamu alisema nini?

Wakili akaangalia ndani ya kikombe. Interpol akakumbuka simu yake. Mzee Mirumbe akakohoa.

— Hawakuuliza, binti yangu, akasema Nyamusi. Na mimi nataka kulima.

Akasimama, akavuka barabara. Tulimwona akibisha geti peke yake, kamba begani. Niliona aibu kweli, lakini sikuinuka.